Sauti Aliyoiazima Dastan

Kwa miaka kumi na tisa Dastan Mujuni alikuwa mdomo wa Wazungu pale Kagoma. Kibanda chake cha video kilikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa kahawa, mabenchi tisa na televisheni moja. Kila Jumapili alasiri alikaa kwenye kigoda kando ya kioo, kipaza sauti mkononi, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipopwaya akatia Kihaya. Kiingereza alikipata seminari. Aliondoka huko mwaka wa tatu bila kufukuzwa, na hadi leo hajui kuieleza vizuri sababu.

Zipo filamu za vita, zipo za vichekesho, lakini zilizojaza mabenchi ni zile za mapenzi yenye mauaji ndani yake. Za vita watu walizitazama huku wakipiga soga. Hizi walizitazama kimya, wakulima wa migomba na akina mama waliotoka kuuza ndizi, wote wakiwa wameegemea mbele. Unamtamani mwanamke na hapo hapo unamwogopa, na hutaki kimojawapo kiishe. Dastan naye alizipenda, ingawa hakuwahi kumwambia mtu. Wahusika walipoanza kuvua nguo, alisimama akatandaza kanga ya mkewe mbele ya kioo na kuendelea kusimulia. Jumuiya yao ya kanisa kule Izigo, walikoishi, ilimwita mara mbili kwa ajili hiyo. "Wewe ndiye uliyekuwa ukitusomea somo la kwanza kanisani," katekista Nicholaus alimwambia. Dastan alijibu kwamba kanga ilikuwa nzito. Alikuwa amechoka kujibu.

Mwaka jana, wiki chache kabla ya Kwaresima, alionyesha filamu ya mjane mwenye duka la dawa anayempangisha kijana chumba. Mapenzi yanaanza, supu zenye tone la sumu zinaanza, na kijana anakonda kidogo kidogo. Kila mhusika Dastan alimpa sauti ya mtu aliyewahi kumsikia. Yule mjane alimpa sauti nzito, ya polepole, yenye kicheko kinachokatikia kooni. Benchi la mbele likacheka. Kisha kibanda kizima kikacheka, na Dastan, akifurahi kwamba kazi imekubalika, akaikoleza.

Sauti ile ilikuwa ya Consolata.

Consolata alikuwa akiuza dagaa sokoni. Aliishi kwenye visiwa vya ziwani miaka kumi na mmoja, na koo lake lilikwaruzwa na kuita mitumbwi. Mumewe alifia huko huko kwa homa. Alirudi Kagoma peke yake, kisha akaanza kuishi na Abel, fundi baiskeli aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka minane. Hakuna aliyewahi kulisemea jambo hilo vibaya. Baada ya filamu, watu walianza kumwita Mama Supu.

Alikuja kibandani Jumanne moja asubuhi, Dastan akifagia.

"Tata Mujuni, nimekukosea nini?" aliuliza, akimwita baba kwa Kihaya.

"Hujanikosea, mama."

"Abel hali tena chakula changu. Kwanza alisema tumbo linamsumbua. Nikamwona anakula maandazi pale stendi." Alisema kwa sauti ile ile ya polepole, na Dastan akaona aibu kuisikia ikitoka kwa mwenyewe. "Sasa amehamia kwa kaka yake. Ameniuliza mume wangu alikufa vipi. Miaka mitatu hakuwahi kuniuliza."

Dastan aliegemeza ufagio ukutani. Alitaka kusema kwamba ile ni filamu tu, lakini alijua amepata riziki yake kwa sababu watu hawakuiona kuwa filamu tu.

"Sikukusudia," alisema.

"Najua. Ungekusudia, ningekutukana tukamalizana."

Jumapili iliyofuata Dastan alisimama mbele ya mabenchi kabla ya kuwasha chochote. Aliwaambia kwamba yule mjane wa filamu hajawahi kukanyaga Kagoma, kwamba sauti aliichukua kwa mtu asiye na hatia bila kumwomba, na kwamba amekosa. Walimsikiliza vizuri. Kisha mtu mmoja wa nyuma akasema, "Mzee naye ameonjeshwa supu," na kibanda kikalipuka kwa kicheko. Dastan aliketi. Alionyesha mpira siku ile, hakutangaza hata neno moja.

Nyumbani alimweleza mkewe, Yuster, ambaye alikuwa akimenya ndizi. Yuster hakuacha kumenya.

"Maneno uliyoyasema kwa kipaza sauti huwezi kuyafuta kwa kipaza sauti," alisema.

Siku ya soko Yuster alibeba kigoda chake hadi Kagoma, akaketi karibu na Consolata tangu asubuhi hadi watu walipotawanyika. Alinunua dagaa, akazitafuna chache mbele za watu, akapiga soga. Alifanya hivyo kila siku ya soko kwa miezi minne. Wateja walianza kurudi mmoja mmoja, kwanza wazee, halafu wanawake wa rika lake.

Dastan hakutafsiri tena filamu za namna ile. Vijana hawakulalamika sana. Walizipata kwenye simu zao, bila kanga. Kibanda kikabaki cha mpira. Nicholaus alimpongeza mbele ya jumuiya kwa kuacha kuonyesha uchi.

"Uchi niliufunika siku zote," Dastan alimwambia. "Kilichoniponyoka ni kingine."

Nicholaus aliitikia kwa kichwa, akatangaza wimbo.

Abel alirudi kwa Consolata miezi kadhaa baada ya Pasaka. Yuster ndiye aliyeleta habari hiyo, na Dastan akashusha pumzi, akauliza kama sasa anakula.

"Anakula," Yuster alisema. "Lakini Consolata anasema Abel humsubiri yeye aonje kwanza. Hasemi kitu. Anashika kijiko tu, anajifanya chakula ni cha moto."

Dastan alichukua panga akaenda nyuma ya nyumba kukata majani makavu ya migomba, kazi ambayo siku ile haikuwa na haraka yoyote.