Siku Niliyomwangusha Mwalimu Nambozo

Aibu yangu hii Bugembe nzima wanaijua, kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe kuliko muisikie kwa wauza ndizi, maana wale hutia chumvi.

Shule mimi niliishia darasa la tatu. Vita ilipofika Mbale, Sajini Odeke (namtaja, sina sababu ya kumficha) aliingia dukani kwetu na watu wake, na aliyewaonyesha mlango ni jirani yetu Wamono, mtu tuliyekuwa tukifuturu naye. Walibeba kila kitu, wakaondoka na mume wangu, hadi leo sijaonyeshwa hata kaburi. Nikakimbilia Bugembe na binti yangu Zaituni. Mtoto tangu siku ile akawa wa kunong'ona tu, nyumbani ananong'ona, shuleni ananong'ona, mpaka mwalimu wake, Mwalimu Nambozo, akaniita akanieleza kwa upole kwamba siku ya wazazi kila mtoto atasoma mbele ya watu, na asiyesikika atarudia darasa.

Basi siku hiyo nikavaa gomesi yangu ya kijani, ile yenye mkanda mpana unaoning'inia hadi magotini. Wazazi walikuwa wamewekewa mabenchi nyuma. Mimi nikajifanya mjanja, nikasema nitakaa mbele kabisa, kwenye dawati la watoto, Zaituni anione apate moyo. (Dawati lenyewe dogo, na mwili wangu mnaujua, niliingia kwa kusukumwa.)

Zaituni akaitwa. Akasimama na kitabu, midomo inacheza, sauti haitoki. Huko nyuma wakaanza kukohoa. Sasa nje, chini ya dirisha, kulikuwa na wafungwa wanafyeka nyasi za shule, mimi sikuwa nimewaona, na wakati uleule chai yao ikafika, askari magereza wao akawapigia kelele kwa Kiswahili kile cha kambini:

"Wote chini!"

Mliokuwepo miaka ile mnajua. Afande akisema chini, huulizi nani wala kwa nini, anayebaki amesimama ndiye anayepigwa. Mwili wangu ulikwenda wenyewe. Nikalala kifudifudi, dawati likanifuata kwa sababu mkanda ulinasa kwenye msumari, na kwa kuwa sikutaka Mwalimu Nambozo auawe nikamvuta mguu, naye akaja chini na sanduku lake la chaki, watoto kuona mwalimu kalala nao wakalala wakidhani ni mchezo, na ukitazama nyuma, wazazi nao wako chini ya mabenchi, hata Haji wa duka la vitambaa, kanzu nyeupe kwenye vumbi.

Aliyebaki amesimama ni Zaituni peke yake. Akachungulia dirishani, akanitazama, kisha akasema, na darasa zima lilisikia:

"Mama, inuka. Ni wafungwa wanakunywa chai."

Halafu Mwalimu Nambozo, uso mweupe kwa chaki, akaanza kucheka, na watoto wakapokea, na Haji akapokea, na mimi chini ya dawati nikacheka hadi nikalia, sijui kipi kilitangulia.

Yule askari akaja mlangoni, kofia mkononi, akiomba radhi kwa kila mtu. Aliponiona nimenaswa akatoa kisu aukate mkanda.

"Afande, kisu rudisha," nikamwambia. "Na wewe kaa chini."

Akakaa. Askari mzima, na buti zake, kwenye sakafu na watoto. Ndipo Mwalimu, naye hajainuka bado, akamwambia Zaituni asome tu, watu wameshakaa. Akasoma hadithi ya kuku aliyeatamia mayai ya bata, ukurasa mzima, sauti inakwaruza kama ya mtu aliyeamka na mafua, lakini kila neno lilifika kwenye benchi la mwisho. Hakurudia darasa.

Odeke na Wamono sijawasamehe, na msinihubirie. Lakini nimeapa sikai tena mbele shuleni, na gomesi yenye mkanda mrefu ni ya harusi tu. Siku hizi majirani wananiomba nimwambie Zaituni apunguze sauti anaposoma jioni. Simwambii.