Mrehani Kwenye Nyasi za Kambi

Mwezi uliopita, kwenye kambi ya kampuni ya gesi ninakofagia tangu niache shule, msimamizi alichuchumaa nyasini akapiga picha gugu moja dogo. Programu ya kutambua mimea kwenye simu yake haikulijua.

"Ling'oeni," akasema.

Mama ninayefagia naye akalisugua jani, akanusa, akafumba macho kama aliyesinzia.

"Mrehani huu, bosi. Hapa palikuwa kijiji chetu, na sisi tunaupanda kichwani mwa kaburi."

"Si makaburi yalihamishwa?"

"Yale tuliyoyakumbuka."

Msimamizi akainuka polepole, akavua kofia, akarudi nyuma kwa uangalifu.

Siku hizi mashine ya kukatia nyasi hupita kando. Mimi nikifika pale natoa salamu taratibu, ingawa sijui kama namwamkia babu au bibi.