CD za Binti Yangu

Miaka ile vijana wa kijiji chetu cha Itiryo walipokimbilia dhahabu, kila aliyetoka machimboni alirudi na simu ya kupiga muziki. Binti yangu, ambaye ni mwimbaji, akaona wakati wake umefika. Akauza ng'ombe wake wa pekee, akarekodi nyimbo za injili, akarudi na boksi la CD. Akiziuza hizo, angerekodi tena.

Jumapili mchungaji akamsifu, kisha akatangaza, "Ambaye hana nyimbo za dada yetu, baada ya ibada alete simu, katibu ameshazinakili kutoka kwenye CD, atamrushia bure." Watu wakapiga makofi! Binti yangu amekaa palepale, boksi mapajani.

Nikamfuata mzee wa kanisa, shemeji yangu. "Shemeji, ng'ombe wako akichukuliwa unapiga yowe, kijiji kizima kinatoka na mikuki. Na hili je?"

Akacheka. "Ng'ombe akiibiwa, zizi linabaki tupu. Wimbo tumeuchukua, na yeye bado anao. Wizi uko wapi hapo?"

"Na ng'ombe aliyemuuza yuko wapi?"

"Ah, shemeji! Unataka tuuziwe sifa za Mungu?"

Na mtu huyo hawezi kugusa hata yai la jirani. Nilichoka.

Binti yangu hakurekodi tena. Mtama ulipoanza kukomaa, akazitundika CD shambani zifukuze ndege. Zilimetameta vizuri, ndege wakahama. Kesho yake shemeji huyo alikuja kutafuta CD za shamba lake, na safari hiyo aliuliza bei mwenyewe.