Bati Lililokataa Kuwa Jekundu

Mwezi uliopita mjukuu wangu alisahau sufuria ya maharage jikoni. Maji yakakauka, maharage yakaungua, na nilipofika nikakuta kitako cha sufuria kimelegea na kudondokea kwenye makaa. Ilikuwepo ile harufu ya chuma kilichoungua, inayokaa kooni. Mtoto alikuwa amejikunyata akingoja kofi. Sikumpiga. Nilikaa kwenye kigoda nikamkumbuka marehemu baba, na mlango wa Landrova.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliishia darasa la nne, na mengine huenda nayachanganya; nisiyoyajua nitasema siyajui.

Baba yangu, Kasimiri, alikuwa mhunzi hapa Ifakara miaka ile ya hamsini. Alifua majembe, visu, na vyusa vya wavuvi wa mtoni. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na nilipenda kumvutia mvukuto wa kupulizia moto kuliko nilivyopenda kula. Bibi, mama yake baba, hakufurahi. Kwao mtoto wa kike hasogelei moto wa chuma, moto unaharibika.

"Kasimiri, utakuja kujuta," alisema karibu kila asubuhi.

"Mama, mimi nimetoka tumboni mwa mwanamke, na chuma hakijanikataa," baba alijibu, akanikonyeza.

Mimi alinifundisha hivi: "Chuma kina adabu kuliko watu. Kikiiva kinakwambia. Wewe ngoja wekundu."

Sasa, mjomba Leonadi, kaka yake mama, alikuwa dereva wa mzungu mmoja mpima barabara. Mzungu alivuka mto kwenda Mahenge kwa siku tatu, akamwachia gari lake, Landrova, na kumwambia asilisogeze. Mjomba akalisogeza. Alikwenda nalo Lipangalala ili mchumba wake amwone kwenye usukani. Wakati anarudisha gari nyuma, mlango wazi, shingo nje kama bata, mlango ukanasa kwenye kisiki ukakunjika kama jani la mgomba.

Milango ya gari lile ilikuwa ya kuchomolewa kwenye bawaba. Aliuchomoa, akatuletea akiwa ameubeba kichwani.

"Shemeji, kesho kutwa anarudi. Akiukuta hivi, sina kazi."

"Huyo mchumba alikuona lakini?" baba aliuliza.

"Alikuwa ameenda kuteka maji."

Tulicheka, na yeye mwenyewe akacheka.

Baba alilibandua bati kwenye fremu yake, akaligonga likiwa baridi. Likaanza kupasuka kwenye mkunjo. Basi akafanya ambalo mhunzi yeyote angefanya, akaliweka motoni.

"Vuta, Perpetua. Polepole. Likiwa jekundu, acha."

Nilivuta. Bati likabaki jeupe. Baba aliinama akalitazama. "Vuta tena." Nikavuta. Sijui kama nilivuta kwa nguvu kuliko nilivyoambiwa, nimejiuliza hilo miaka mingi. Nilitaka wekundu uje upesi, hilo nakiri. Haukuja. Ghafla bati likalegea katikati, likadondoka makaani matone matone, yaking'aa kama magamba ya samaki.

Mjomba alikaa chini, mavumbini. "Shemeji, umeniua."

Bibi alikuwa amesimama nje ya kibanda. Hakupaza sauti. "Nilisema mimi."

Baba alinigeukia. "Nenda kwa mama yako, Perpetua."

Kwenye fremu ile alipigilia mbao za mninga, ukawa mlango mzuri kuliko wa nyumba yetu. Mzungu aliuona, na siku hiyohiyo akamwachisha mjomba kazi. Nisimsingizie: mjomba mwenyewe alisema hakutukanwa, na kwamba aliambiwa kosa si mlango, kosa ni kulisogeza gari. Akahamia Masagati kulima. Tangu hapo tulimwona misibani tu.

Mimi baba hakunipiga wala kunilaumu. Ila hakuniita tena kuvuta mvukuto. Nilipita mbele ya kibanda na ndoo yangu kichwani, taratibu, maji yakinichuruzika mgongoni, nikisubiri kusikia jina langu. Nikasikia mvukuto, anauvuta mwenyewe. Nikaamini ni mimi niliyeharibu moto. Niliolewa nikiamini hivyo.

Alipofariki nilipewa mimi sanduku lake la vifaa, kwa kuwa kaka zangu hawakuufuata uhunzi. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, nilikuta donge la bati lile jeupe. Lilikuwa limeyeyushwa, likagongwa, likayeyushwa tena. Alama za nyundo zilipandana zisihesabike. Sikuelewa kitu. Nikalirudisha.

Nimekuja kuelewa mbele ya sufuria ya maharage. Bati la namna hii, la sufuria na la mlango ule, halibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Haliagi. Baba alilijaribu tena na tena, pasipo mtoto wa kike karibu, likamfanyia vilevile. Kwa hiyo alijua.

Na kama alijua, mbona hakuniita? Nilimwazia vibaya siku mbili tatu, na si haki. Huenda aliona aibu. Huenda aliniona nikipita na ndoo, mimi niliyezoea kuingia bila hodi, akadhani nimemkataa. Mimi nilingoja kuitwa. Yeye sijui alikuwa anangoja nini.

Mjukuu wangu siku ile ya sufuria hakuingia tena jikoni. Alikuwa akipitapita uani, anajifanya anafagia.

Jioni nilimwita.