Pombe Iliyokwamisha Talaka

Majina ya wote waliokuwepo siku ile ninayo kichwani, hata la karani aliyetuonyesha benchi. Siyaandiki, maana wengine wangali hai na wana wajukuu.

Mi na mume wangu tulioana Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi. Amani iliporudi kwetu nasi tukarudi, tukaandikisha ndoa kwenye komine, ofisi ya serikali ya Itaba, kwao mume. Lakini ndoa yenyewe ilikuwa imeshachoka. Yeye alihamia Yoba, mjini Gitega, kwa mwanamke mwingine. Mi nikaenda Mwakiro kwa kaka zangu. Hatukupigana. Akija kuwasalimia watoto nilimpikia, akala, akaenda zake.

Tatizo langu lilikuwa shamba. Kwetu binti akiachika akarudi nyumbani, kaka zake humkatia kipande katika shamba la baba yao, alime ale mpaka afe. Kaka yangu mkubwa hakunikatalia, ila alisema, "We bado mke wa mtu, dada. Shamba lako liko Itaba." Na kule Itaba shemeji zangu walishalima mpaka mlangoni kwangu. Bila karatasi ya talaka ningekula kwa kuombaomba. Mume naye aliitaka, ili amwoe yule wa Yoba kwa sheria. Tukapatana.

Kwenye tribinali, yaani mahakamani, tuliambiwa talaka ya kukubaliana inataka sisi wote wawili tuseme tunaitaka, na familia ije ishuhudie kwamba ilijaribu kutupatanisha ikashindwa. Tukaona ni kazi ndogo.

Mume akaja Mwakiro kuongea na kaka zangu. Amekulia Tanzania kama mi. Alichojua ni kwamba mwanamume haendi ukweni mikono mitupu. Akabeba dumu la urwarwa, pombe yetu ya ndizi. Mi nilikuwa jikoni namenya ndizi za kupika. Nikawasikia wanacheka, wanapokezana mrija, nikafurahi kwamba mambo yanakwenda. Kumbe kwa watu wa kilimani, kama kaka zangu waliobaki nyumbani, mume akileta pombe kwa wazazi wa mke aliyeondoka, amekuja kumchukua. Wakishainywa, wamemrudisha. Sisi tuliokulia ng'ambo hakuna aliyetufundisha hilo.

Tulilijua mbele ya hakimu. Kaka mkubwa, shahidi wetu, alivua kofia akasema kesi hii ilikwisha: shemeji alileta pombe, wakanywa, wakapatana. Hakimu akafunga faili. Akasema kama familia imeshapatanisha, yeye hana cha kuvunja, twende nyumbani. Mume akajaribu kueleza kwamba ile ilikuwa heshima tu. Kaka akamuuliza ni heshima gani ya dumu zima, na watu kwenye mabenchi wakacheka.

Niliona shamba linaniponyoka. Shule niliiacha darasa la pili na sikuwahi kusema mbele ya hakimu, lakini nikasimama.

"Bwana juji," nikasema, "mi sikunywa. Nilikuwa jikoni, hakuna aliyeniita. Kama pombe ndiyo inamrudisha mtu kwa mume, basi waliokunywa ndio wamfuate."

Hakimu aliinama kidogo, nadhani alikuwa anacheka. Akamuuliza kaka kama ni kweli sikuonja, na desturi inasemaje. Kaka akajibu kwa sauti ya chini kwamba mke naye hupewa mrija mbele ya wote, asipokunywa bado hajakubali.

"Sasa mbona hamkumpa?"

"Tulisahau, mheshimiwa. Tulipomkumbuka, dumu lilikuwa limeisha."

Faili likafunguliwa tena. Hakimu akatuuliza mmoja mmoja kama tunaitaka talaka, mume akasema ndiyo, nami nikasema ndiyo. Baadaye karatasi ikatoka.

Nilipomletea kaka mkubwa ile karatasi, alichukua jembe mwenyewe, akanionyesha mpaka. Alinikatia upande wenye mawe. Mawe niliyaondoa, nikapanda maharage msimu uleule.