Mbuzi Aliyeliwa Machakos

Kalondu alikuwa mke wa Mutuku kwa mkataba wa miaka miwili, na asubuhi hiyo mkataba ulikuwa umekwisha. Alitia nguo zake kwenye mfuko, akatoka kwenye ploti ya Kawangware 56, Nairobi, bila kuaga mtu. Kila mlango uliofunguliwa nyuma yake alidhani ni wa Mutuku.

Msimuulize kwa nini alitia sahihi. Kaka yake Wambua, fundi wa mabati, alikuwa ndani kwa kesi ya wizi wa kusingiziwa, na mlalamishi alikuwa Mutuku huyo huyo. Mutuku naye alihitaji mke upesi, maana babake alikuwa ameapa kwamba nyumba zake za kupangisha haziendi kwa mwana asiye na mke. Mwenye nguvu mpishe, wanasema, lakini akikusimamia mlangoni utampisha wapi? Kalondu akaandika jina lake, kesi ikaondolewa, Wambua akarudi kwao Machakos.

Walilala vyumba tofauti, ndivyo karatasi ilivyosema, na Mutuku hakumpiga hata siku moja. Hakuwa na haja. Kalondu akitaka kwenda hata sokoni, Mutuku alimuuliza tu, kwa upole, kama Wambua anaendelea vizuri. Basi Kalondu alivua viatu akakaa.

Hesabu ya Mutuku ilikuwa kwamba mzee hatamaliza hiyo miaka miwili. Mzee, kama aliyesikia mipango, akazidi kunawiri.

Huko Makina, Kibera, Kavetsa, muuza mandazi, rafiki yake Kalondu, alimpokea mfuko, akafunga mlango kwa komeo, akammiminia chai. Kalondu hakuwa ameinywa nusu simu yake ilipolia. Alikuwa Mutuku.

"Umefika kwa Kavetsa? Sawa, pumzika. Jioni nakuja kukuchukua."

Kalondu akaweka kikombe chini. Hakuwa amemwambia mtu anakokwenda. Akajikaza, akamkumbusha kwamba karatasi imeisha. Mutuku akakubali kabisa kwamba imeisha, kisha akamshauri ampigie kaka yake amuulize kuhusu mbuzi wa Jumamosi.

Sasa hapo ndipo Kalondu alipoogopa kweli. Kwa Wakamba, hata askofu akuvishe pete mbele ya umati, bila mbuzi wa ntheo wewe si mke wa mtu. Lakini mbuzi hao wakishapelekwa kwenu, wakapokewa, na dume akachinjwa na kuliwa, umeolewa. Alithubutu kutia sahihi ile karatasi kwa sababu mkataba wenyewe ulikataza mbuzi. Karatasi ina tarehe ya kuisha. Mbuzi aliyeliwa hana.

Alipompigia, Wambua alishika simu papo hapo, kama aliyekuwa akiingoja. Baba yao alikuwa marehemu, kwa hiyo ni yeye aliyesimama mahali pake.

"Alikuja na wazee na mbuzi watatu," alisema. "Wazee wakaambiwa wewe uko kazini Nairobi, umekubali. Mimi akanivuta kando, akaniambia kesi inaweza kurudi kesho. Nikakula, Kalondu. Niliogopa nikakula."

Kalondu hakumlaumu. Dawa ilikuwa moja, na wote wawili waliijua: mbuzi wa ulee, mbuzi wa kukataa, anayerudishwa kwa mume ndoa ivunjike. Mwanamke hampeleki mwenyewe. Hupelekwa na aliyepokea ntheo, na huyo ni Wambua, na Wambua akifika tu kwa Mutuku na kamba mkononi, Mutuku atapiga simu polisi. Kwa hiyo Kalondu hakuomba kitu. Kule upande wa pili akasikia mbuzi akilia karibu sana na simu.

"Nishamfunga," Wambua alisema. "Ni wa ulee. Namleta leo."

Miaka miwili alikuwa ameomba Mungu afunguliwe, na sasa neno lililomjia mdomoni lilikuwa "usije". Akalimeza. Machozi yakamtiririka, Kavetsa akamshika bega bila kuuliza.

"Vaa sweta mbili," alimwambia kaka yake. "Sakafu ya seli ni baridi."