Samaki Asiyetaka Mwenzake

Mgeni alikosea nyumba mara mbili kabla kinyozi wa pale chini hajamwonea huruma na kumwelekeza ngazi za kupanda. Begi lilikuwa limemchuna bega, na mji ule alikuwa haujui hata kwa ndoto. Alipobisha hodi, alifunguliwa na watu watatu waliokuwa katikati ya ugomvi.

"Huyu ndiye mpangaji," mwanamume alisema.

"Mpangaji wa wapi?" dada yake aliuliza.

"Wa hapa."

Hivyo ndivyo Fundi Barafu alivyopata habari kwamba kaka yake ameipangisha nyumba aliyowaachia baba yao, naye mwenyewe akiwa bado ndani.

Waliomwita Fundi Barafu ni wateja, kwa kuwa alitengeneza mafriji. Kazi alifunzwa na mumewe, na mume alipofariki watu waliendelea kuja wakiuliza fundi mwenyewe yuko wapi. "Unamwona," aliwajibu, bisibisi mkononi. Mtoto hakujaliwa. Aliishi na samaki mmoja aina ya beta, dume la buluu iliyoiva, mapezi yakiburutika nyuma yake kama shela la bibi harusi. Tangi lake la kioo lilikaa mbali na dirisha, maji ya uvuguvugu, maana samaki wa fundi wa mafriji hakuvumilia baridi.

"Utahamia kwangu," kaka alisema. "Watu wananiuliza kama dada yangu nimemtupa."

"Waambie nimejitupa mwenyewe."

"Utalala chumba kimoja na mama mkwe wangu. Mtapiga soga."

"Mama mkwe wako anakoroma mpaka sufuria zinacheza."

Mke wa kaka, mtu mwema asiyependa kelele, aliona atulize mambo kwa zawadi. Alitoa kwenye kikapu mfuko wa plastiki wenye maji, na ndani yake samaki mwekundu.

"Wifi, huyu wako anasinyaa kwa upweke. Nimemletea mwenzake."

Fundi hakuwahi hata kunyoosha mkono. Mwekundu alikwisha kumiminwa tangini. Wa buluu alitanua mashavu, akamrukia, na maji yakachafuka. Fundi alichota kwa chujio la chai, akakosa, akachota tena, akampata mwekundu na kumtia kwenye jagi. Kipande cha pezi la buluu kilibaki kikielea.

"Nilidhani atafurahi," wifi alisema.

"Ulidhani. Yeye hukumuuliza." Fundi alifuta mkono kwenye gauni. "Wifi, madume ya hawa hayakai pamoja. Ukimpenda, mpe maji safi yenye joto, punje chache za chakula, halafu umwache."

"Sasa unajilinganisha na samaki," kaka alicheka.

"Nyinyi ndio mliotulinganisha. Yeye mmemletea mwenzake kwenye mfuko, mimi mnanitia mfukoni."

Mgeni alitazama viatu vyake ili asicheke.

Fundi alichota maji ya tangini akayamimina kwenye ndoo, akamhamisha samaki taratibu, akafunika kwa kifuniko chenye matundu na kuizungushia ndoo taulo. Kochi wala kitu kingine cha nyumba hakugusa. Jagi alimkabidhi wifi yake. "Huyu umlee. Peke yake."

"Unakwenda wapi?" kaka aliuliza.

"Karakana yangu ina chumba cha nyuma. Vyuma nitavisogeza."

"Ukitoka humu usije kunililia."

"Nikilia, nitalilia kwangu."

Mgeni alijitolea kumbebea ndoo. "Wewe umelipia," fundi alimwambia bila kinyongo. "Kaa."

Mgeni alibaki dirishani. Chini, Fundi Barafu alifika katikati ya barabara, taulo likalegea. Alisimama, akaiweka ndoo chini na kuanza kulifunga upya. Lori lilipiga honi, likapiga tena. Hakugeuka. Alikaza fundo, akalijaribu kwa kidole, ndipo akainua ndoo yake akavuka.